TAHADHARI: Muuzaji wa magari ya dizeli "yaliyofanyiwa ovaholi". Soma kabla hujatoa advansi

Kuna muuzaji anayetangaza magari ya dizeli yaliyotumika, na karibu kila tangazo lake lina maneno yale yale: injini imefanyiwa ovaholi (imefunguliwa na kutengenezwa upya), nozeli mpya (vinyunyizio vya mafuta), turbo mpya (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), gari halidai kitu. Sitaji jina wala namba yake, maana anabadilisha vyote viwili, na jina analotumia leo halitamsaidia atakayekutana naye mwezi ujao. Mbinu yake ndiyo haibadiliki. Binamu yangu alikuwa tayari kumtumia advansi aliponiomba twende naye kuliangalia gari kwanza. Tangu siku hiyo nimezungumza na wengine waliopita mikononi mwake, baadhi yao wameshalipa fedha yote, na masimulizi yanafanana hadi maneno anayoyatumia.

Silaha yake ni historia ya matengenezo. Wauzaji wengi huficha kwamba injini iliwahi kufunguliwa. Huyu anakueleza mwenyewe kabla hujauliza: "Mimi sikufichi, ndugu yangu. Gari hili lilichemsha, nikalifungua, nikaweka gasketi ya hedi, nozeli nne mpya na turbo. Wewe unakuta kazi imekwisha, ni kuwasha na kuondoka." (Gasketi ya hedi ni kizibo kinachobanwa kati ya bloku na hedi, yaani kichwa cha injini.) Halafu anatoa risiti. Mtu akishaambiwa ubaya wa gari na mwenye gari mwenyewe, analegea, anaacha kutafuta. Na kwa sababu sehemu ya anayoyasema ni kweli, hata fundi anayepita haraka anaweza kupitwa.

Tulipofika tulikuta gari linaunguruma. Akasema ametoka kuliosha. Kwa dizeli, hilo peke yake linatosha kukufanya usimame. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yake yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa hiyo hubanwa mara 14 hadi 23 hivi, wakati petroli ya kawaida ni mara 8 hadi 13. Kama ringi za pistoni au valvu zimechoka, au plagi za joto, zile zinazopasha silinda wakati wa kuwasha, zimekufa, injini ya baridi ndiyo itakayokwambia: itazungushwa muda mrefu bila kushika, itawaka kwa kukohoa, itatoa moshi mweupe unaowasha macho kwa harufu ya dizeli ambayo haijaungua. Ikishapata moto inaweza kuficha yote hayo. Tukamwambia tutasubiri lipoe. Hakupenda. Akasema kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu. Tukakaa hapo hapo hadi kiganja kikawekwa juu ya injini bila kuhisi joto.

Lilipopoa tukafungua mfuniko wa rejeta. (Usifungue mfuniko huo injini ikiwa ya moto, maji yatakuruka na kukuunguza.) Ndani ya shingo ya rejeta kulikuwa na utando wa kahawia wenye chembechembe, na mfuniko wenyewe umepakaa vivyo hivyo. Ile ni dalili ya dawa ya kuziba uvujaji, ambayo humwagwa kwenye maji ya injini ili izibe nyufa ndogo kwa muda. Dawa hiyo hiyo huziba pia mirija myembamba ya rejeta na ya hita. Tukafunga, tukawasha, nikaushika mpira wa juu wa rejeta. Haikupita dakika moja ukakaza kama mti, na ulikuwa bado wa baridi.

Hapo ndipo pa kuelewa vizuri. Mpira wa rejeta kukaza injini ikiwa na moto ni jambo la kawaida, kwa kuwa maji yakipata joto hutanuka na kujenga presha. Lakini mpira wa baridi hauna sababu ya kukaza. Ukikaza, presha hiyo imetoka kwenye silinda: gesi ya mwako inapenya kwenye gasketi au kwenye ufa wa hedi na kuingia kwenye njia za maji. Kwa mgandamizo wa dizeli gesi hiyo ina nguvu nyingi, itasukuma maji nje kidogo kidogo hadi siku gari litachemsha ukiwa safari ya mbali.

Gasketi yenyewe kweli ilikuwa imebadilishwa, tuliona silikoni mpya na boliti zilizoguswa. Kwa nini basi inavuja tena? Hedi ikichemshwa sana hupinda. Lazima ivuliwe, iwekewe rula ya chuma, ipimwe kama uso wake bado umenyooka, na kiasi kinachoruhusiwa mara nyingi hakizidi 0.1 ya milimita. Lazima ikaguliwe nyufa kwa presha. Kisha kuna jambo ambalo mafundi wa haraka hulipuuza: kwa injini nyingi za dizeli gasketi ya hedi huuzwa kwa unene tofauti, na pembeni yake kuna vitobo au mikato ya kuonyesha unene huo. Fundi huchagua baada ya kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Katika risiti zote alizotuonyesha hapakuwa na hata moja ya hedi kupelekwa kupimwa mashineni. Hapakuwa na thamostati, pampu ya maji wala rejeta. Binamu akamuuliza kwa upole, "Kaka, kilichosababisha lichemshe ni nini?" Akajibu kwamba gasketi ilikuwa ya zamani. Gasketi ni kitu kilichoumia. Kilichoiumiza bado kilikuwa ndani ya gari lile.

Nozeli nazo. Risiti ilisema nne mpya. Tulipoondoa kava la plastiki juu ya injini, mizizi ya nozeli mbili ilikuwa imezungukwa na masizi magumu meusi kama lami. Hayo hujengeka gesi inapovuja kwenye washa ya shaba chini ya nozeli kwa muda mrefu, na hayawezi kuwa mengi kiasi kile kwenye nozeli iliyofungwa juzi. Kuna kipimo kingine cha wazi zaidi ambacho wanunuzi wengi hawakijui. Kwa injini nyingi za komoni reli (zenye bomba moja la presha kubwa, reli, linalogawa mafuta kwa nozeli zote), kila nozeli ina kodi yake ya herufi na tarakimu imeandikwa kichwani, na fundi anapofunga mpya anatakiwa aingize kodi hiyo kwenye kompyuta ya gari, ili kompyuta ijue nozeli hiyo inamwaga mafuta kiasi gani. Mpe fundi wako asome kodi zilizomo kwenye kompyuta, alinganishe na zilizoandikwa juu ya nozeli. Zisipolingana, ama zilibadilishwa bila kuandikishwa, ama kuna aliyezihamisha kutoka gari jingine. Ukitaka kujua afya yake, kuna kipimo cha marejeo ya mafuta: vichupa vyenye alama vinaunganishwa kwenye mirija ya kurudishia, injini inaachwa inaunguruma, na chupa inayojaa haraka kuliko wenzake inakuonyesha nozeli iliyochoka.

Taa ya cheki injini haikuwaka. Aliisifia sana. Tulikuwa na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, ambayo kwa magari ya abiria ya dizeli yanayouzwa Ulaya imekuwa lazima kisheria tangu 2004. Vifaa hivyo havisomi hitilafu tu. Kwenye magari mengi vinaweza kuonyesha gari limetembea umbali gani tangu hitilafu zilipofutwa, na kama kompyuta imeshamaliza majaribio yake ya ndani. Umbali uliosomeka haukufika hata mwendo wa asubuhi moja, na majaribio kadhaa yalikuwa hayajakamilika. Maana yake hitilafu zilikuwepo, zikafutwa muda mfupi kabla hatujafika. Tukamwonyesha skrini. Akasema betri ilichomolewa. Kweli, kuchomoa betri kunaweza kufuta kumbukumbu hizo kwenye baadhi ya magari, lakini basi lirudi barabarani siku kadhaa, likaguliwe tena. Hilo alilikataa.

Mmoja wa walionunua kwake aliletewa maneno hayo hayo kuhusu turbo, na turbo kweli ilikuwa mpya. Ikafa tena. Ekseli ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili tu. Bomba linaloipelekea oili likiwa limeziba kwa oili iliyoungua, turbo mpya itakufa kama ya kwanza, na sili zake zikipasuka oili inaingia kwenye njia ya hewa. Hapo utaona moshi wa bluu, na hali ikizidi injini inaweza kuanza kuichoma oili yake yenyewe na kupaa mzunguko bila kusikia funguo. Ni hatari ya kweli, watu wamekimbia magari. Kwa hiyo risiti ya turbo bila risiti ya bomba la oili, oili mpya na chujio lake ni kazi nusu. Pampu ya mafuta ya presha ya juu nayo ni hivyo hivyo: ikisagika ndani hutawanya vumbi la chuma kwenye reli, nozeli, hadi tangi. Aliyebadilisha pampu peke yake amesogeza tatizo mbele tu.

Kuhusu chujio la masizi kwenye ekzosi, lile linaloitwa DPF, muulize wazi kama lipo. Baadhi ya magari yake yalikuwa yametobolewa chujio na kompyuta kudanganywa. Masizi ndani ya chujio hilo huchomwa kwa joto la 600 °C hivi, na gari la safari fupi fupi halilifikii, linaziba, ndipo watu wanapolitoboa. Uingereza tangu 2014 gari lililotoka kiwandani nalo na sasa halina linaangushwa kwenye ukaguzi wa mwaka. Pangusa ndani ya ncha ya ekzosi kwa kitambaa cheupe: masizi mengi meusi kwenye gari linalodaiwa kuwa na DPF ni sababu ya kuuliza zaidi. Vuta na kijiti cha oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ugonjwa, huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Inayopaswa kukushtua ni iliyopanda juu ya alama ya mwisho na kunuka dizeli, maana yake mafuta yanashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi.

Sisemi mtu asinunue dizeli iliyowahi kufunguliwa. Ningependelea gari lenye hedi iliyopimwa, yenye karatasi ya mashineni, chanzo cha joto kimeondolewa, na limetembea miezi mingi baada ya kazi, kuliko ambalo halijaguswa na hakuna anayejua linatunzwaje. Matengenezo ya siku chache kabla ya tangazo ndiyo ninayoyaogopa, kwa kuwa hayajapata muda wa kujaribiwa na barabara. Na chini ya injini, bering na kranki, kukifunguliwa na fundi asiyejulikana, mimi binafsi ningeliacha hata bei ikishushwa.

Mwisho wa mbinu yake ni haraka. Anataka advansi siku hiyo hiyo, anakataa fundi wako kwa kusema wa kwake yupo, na mkataba wake una kifungu kwamba mnunuzi amelikagua gari na kuridhika nalo kama lilivyo. Ukisaini hapo umemkabidhi kinga. Kama bado unalitaka gari, kila anachokisema kuhusu matengenezo kiandikwe ndani ya mkataba: kilichobadilishwa, lini, na nani, gari likiwa na kilomita ngapi. Piga simu kwa gereji iliyo kwenye risiti, taja namba ya gari, uliza walifanya nini. Linganisha namba ya injini na ya chesisi kwenye hati, kwa sababu injini iliyofanyiwa "ovaholi" wakati mwingine ni injini nyingine kabisa. Binamu yangu alipotaka mambo hayo yaandikwe, muuzaji alifunga boneti na kusema gari halipo tena sokoni. Tangazo lilirudi baadaye, picha zile zile, namba nyingine ya simu.

Kama umeshanunua kwake na gari linapunguza maji bila kuonekana yanapovujia, usiendelee kuongeza maji na kulitembeza. Lipeleke lipimwe mgandamizo wa kila silinda na gesi kwenye rejeta. Hifadhi tangazo kabla hajalifuta, picha za skrini za mazungumzo, risiti alizokupa na uthibitisho wa malipo. Mwambie fundi akupe ripoti ya maandishi na picha kabla hajafungua chochote, na gasketi au nozeli zitakazotoka zisitupwe gereji. Ziweke kwenye mfuko, andika tarehe, uende nazo polisi au kwa wakili, maana zikishatupwa huna cha kuwaonyesha.