Darubini ipi imfae mtoto anayemtafuta korongo mwenye taji

Taji la dhahabu la korongo huyu huonekana hata kwa macho matupu. Kinachohitaji darubini ni uso wake: shavu jeupe, doa jekundu juu ya shavu hilo, na kifuko chekundu kinachoning'inia chini ya kidevu. Mtoto akishauona uso huo vizuri hausahau. Kwa hiyo darubini za madukani Dodoma tunazipima kwa swali moja tu: mtoto wa miaka minane, akiwa mita 200 kutoka kwa ndege, atauona ule wekundu?

Inayowaponza wazazi wengi ni ile ndogo ya kukunja, 8x21 (hukuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 21), yenye lenzi za mbele zinazong'aa nyekundu kama kito. Inavutia ikiwa juu ya meza. Ila lenzi inayourudisha mwanga mwekundu nje haiwezi kuupitisha ndani, na hapo picha inageuka ya kijanibluu, doa la korongo likafifia. Kwa kazi hii, kosa hilo peke yake linatosha kuikataa. Tena gawanya namba ya pili kwa ya kwanza: 21 kwa 8 ni kama milimita 2.6, ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Saa sita mchana haina shida, lakini alfajiri, ndege wanapochangamka, utaona giza.

Za plastiki za kuchezea ziache kwenye sherehe za watoto.

10x50 ni nzuri kwa mtu mzima. Ina uzito unaokaribia kilo moja, mikono ya mtoto inatetemeka, na kila mtetemo unakuzwa mara kumi. Shida kubwa zaidi ni bawaba, kiungo cha katikati kinachosogeza vioo viwili vya macho karibu au mbali. Macho ya watoto wengi wa umri huo yameachana milimita 50 hadi 55, na darubini nyingi kubwa haziwezi kubanwa chini ya 56. Mtoto akisema anaona duara mbili, au akifumba jicho moja kila anapotazama, usimwambie hajui kutumia. Vioo havimwenei.

Tunayoipendekeza ni 8x30 au 8x32, yenye uzito wa gramu 450 hadi 600, ambayo lenzi zake zinaakisi kijani au zambarau hafifu. Usilipe kabla hujatoka nayo nje ya duka. Ielekeze kwenye waya wa umeme ulio mbali: uonekane mmoja. Ukionekana miwili, au kichwa kikianza kuuma baada ya dakika moja, mitungi, yaani mabomba mawili ya darubini, imepinda na haitengenezeki nyumbani. (Nyaya hizohizo huwaua makorongo wanaozigonga wakiruka, mwonyeshe mtoto.) Kisha irekebishe kwa macho yake, si yako. Afumbe jicho la kulia, azungushe gurudumu la kati mpaka jani la mbali likae wazi; halafu afumbe la kushoto na kuzungusha pete ya kioo cha kulia tu. Pete hiyo isiguswe tena. Na jua lisitazamwe kamwe, hata kwa sekunde.

Mazoezi yafanyieni kwenye bwawa la Hombolo au kinamasi cha Bahi kabla ya kugharamia safari ya Ngorongoro, ambako korongo huyu huonekana ndani ya kreta. Yangeyange watawatosha kwa kuanzia. Yangeyange akiruka hukunja shingo. Korongo mwenye taji huinyoosha mbele. Tofauti hiyo ni muhimu, maana jina "korongo" tumewapa ndege wengi wasio ndugu. Mtoto aandike tarehe, wakubwa wangapi, wadogo wangapi. Mdogo ana taji fupi na uso usio na weupe ule.

Mita 200 kwa darubini ya mara 8 ni kama mita 25, kwa hiyo hakuna sababu ya kuingia kwenye matete. Kiota kiko chini, katikati ya majani ya majimaji, kwa kawaida mayai mawili hadi manne, na dume na jike huatamia kwa zamu karibu mwezi mzima. Ukiwakurupusha, mayai yanabaki juani. Tangu 2012 ndege huyu yumo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya walio hatarini kutoweka: ardhioevu inakaushwa kwa kilimo, na vifaranga na mayai huchukuliwa kwa biashara ya kufuga.

Mkirudi, vumbi la Dodoma lipulizwe kwanza kwa kipampu kidogo cha mpira, lenzi zikiwa zimeelekea chini, ndipo kitambaa laini kipite. Ukifuta kwa pindo la shati vumbi likiwa bado lipo, chembe za mchanga zitachubua ile rangi hafifu ya lenzi, na haipakwi upya.