Kifaa cha kupima joto la banda la ng'ombe: kwangu kimekuwa kelele tu

Ngoja niandike kabla hasira hazijapoa. Kile kifaa cheupe wanachofunga bandani, kinachopima joto na unyevunyevu wa hewa kisha kinakutumia ujumbe ng'ombe akianza kuelemewa, msikikimbilie. Hasa kama mnafuga huku pwani, Tanga mjini au Pangani.

Sisemi kimeharibika. Afadhali kingeharibika nikapumzika. Tangu kaskazi ianze kinaniandikia neno lilelile: HATARI. Asubuhi HATARI, mchana HATARI. Saa nane usiku simu inalia, nakurupuka nikidhani kuna mwizi bandani, kumbe ni HATARI. Na ushauri wake haubadiliki: "Mpeleke ng'ombe kivulini, mnyunyizie maji." Kivulini wapi tena, na yuko bandani kutwa?

Sasa ikaja siku yenyewe. Zawadi wangu, chotara wa Friesian, ndiye mwenye maziwa kuliko wenzake wote pale nyumbani. Siku hiyo upepo wa baharini ulikata kabisa, majani ya mnazi hayatikisiki, na bati la banda ukiligusa unatoa mkono. Nimekwenda na majani ya mchana, nikamkuta amesimama, shingo kainyoosha mbele, mdomo wazi, udenda unaning'inia hadi kwenye hori. Hataki kulala, hataki kula. Nikahesabu ubavu unavyopanda na kushuka: tisini na ushei kwa dakika. Akivuka sitini tu ujue joto limeshamzidi. Bwana mifugo alipofika akampima, nyuzi 40.6, na ng'ombe mzima huwa kwenye 38.5 hivi. Akampapasa matezi asije akawa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Hakuna. Ni joto.

Natazama simu. Ujumbe ni uleule wa jana, wa juzi, wa wiki iliyopita. Hata nukta haikuongezeka.

Nikapiga huduma kwa wateja. Akapokea kijana, sauti ya mtu aliyekatishwa chakula. Nikamweleza vizuri kabisa, ng'ombe anatweta, ulimi nje, na kifaa chenu hakikunitofautishia leo na siku nyingine.

"Mama, kwani ujumbe haukukufikia?"

"Umenifikia, mwanangu. Unanifikia kila siku."

"Basi mfumo unafanya kazi. Suala la ng'ombe muone daktari wa mifugo."

Akakata. Mimi mtu mzima, nina wajukuu, nakatiwa simu.

Binti yangu anasoma mambo ya mifugo chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro. Ndiye aliyenifungua macho nilipomtumia zile namba. Kumbe kifaa kinachanganya joto na unyevunyevu kinapata namba moja, na ikifika 72 kinapiga kelele. Hesabu yenyewe asili yake wala si ya ng'ombe. Mmarekani mmoja, Thom, aliitoa 1959 kupima binadamu wanavyokereka na joto, wataalamu wakaja kuihamishia kwa ng'ombe wa maziwa. Haijui upepo, haijui bati, haijui kama ng'ombe ni Friesian au zebu wa kienyeji asiyebabaika na jua. Sasa fanyeni hesabu ya Tanga: usiku wa kaskazi nyuzi 24 na hewa nzito ya unyevu inakupa 74. Usiku! Mchana inafika 83 bila taabu. Yaani kwa miezi mizima haishuki chini ya mstari wao. Kifaa kinachobwekea kila mpita njia kama mbwa wa jirani, mwizi akija utamjuaje?

Na huo ushauri wa kunyunyizia maji! Tulimmwagia Zawadi ndoo kwa ndoo, hewa imesimama, maji yakabaki kwenye manyoya na banda likawa na fukuto kuliko mwanzo. Maji yanapoza yakikauka, na bila upepo hayakauki. Aliyemwokoa ni jirani, alileta feni yake ya sebuleni, tukafunga kwenye nguzo. Mwagia, puliza, acha akauke, mwagia tena. Jioni akalala chini, akaanza kucheua. Hilo neno feni halimo kwenye ujumbe wao hata mmoja. Maziwa yalikuja kuanguka kesho yake na keshokutwa, kutoka lita 14 hadi 9. Joto huwa linadai baadaye.

Nyota moja. Ilikuwa iwe sifuri.

Ila niseme haki. Shemeji yangu yuko Lushoto, kwenye baridi yao, ana kifaa hichohicho na anakisifu. Kwake kinakaa kimya wiki nzima, kikisema HATARI anajua leo kuna jambo, anabadilisha saa za kulisha. Na mimi ule mchoro wa joto la usiku kucha kinaonitumia kwenye simu umenifaa kidogo: nilipoona joto halishuki mpaka karibu na alfajiri, chakula kingi nikakihamishia saa hizo, maana tumbo la ng'ombe likisaga majani nalo linatoa joto lake. Wanakula vizuri zaidi sasa, siwezi kukataa. Basi nyota tatu, kwa watu wa milimani.

Kwa sisi wa pwani, hapana. Walijua wanauza Tanga. Fundi wao alikuja hapa, jasho linamtiririka shingoni, akafunga kifaa, akapokea hela yote, bei ileile ya Lushoto. Kubadilisha huo mstari wa 72 mtumiaji huwezi, niliuliza, nikaambiwa "umewekwa kitaalamu". Mtaalamu gani hajawahi kulala Tanga mwezi wa pili?

Nimeirudisha kwenye moja.

Shemeji anasema nimuuzie changu akifunge banda lake la pili. Nitamuuzia, hata kwa bei ya kulaliwa, hela hiyo ninunue feni ya bandani, ya jirani irudi sebuleni kwake.