Spika ya paneli inakoroma: ubandike waya palipoachia, au uzibandue zote?

Kwenye spika ya paneli yenye sumaku, yaani spika bapa isiyo na koni, waya mwembamba hubandikwa kwa gundi juu ya utando wa plastiki. Gundi ikizeeka, hasa ikipigwa na jua, waya huachia na kuanza kugonga utando. Ndiyo ile sauti ya kukoroma. Ila kwanza kaza skrubu za fremu, maana nazo hukoroma vilevile.

Kubandika palipoachia tu ni kazi ya siku moja. Unafungua kitambaa, unapiga toni nzito taratibu, kisha unamulika tochi kwa pembeni: waya uliolegea unauona ukitetemeka peke yake, kama uzi uliochomoka kwenye shuka. Futa gundi kuukuu, paka mpya nyembamba kwa brashi ndogo, uache ikauke kabisa. Usipake nyingi! Gundi ikizidi, utando unakuwa mzito na sauti nyembamba zinafifia.

Kubandua zote na kubandika mpya ni shughuli nyingine kabisa. Waya mpya lazima uwe na unene uleule na ufuate njia ileile, la sivyo ukinzani wa umeme unabadilika na amplifaya inaweza kuelemewa. Utando nao huchanika kirahisi.

Mimi naanza na kiraka. Nikikuta waya wa alumini umeota unga mweupe sehemu nyingi, au multimita (kifaa cha kupimia umeme) inaonyesha umekatika, hapo nabandua zote bila kusita, kwa sababu waya ulioliwa hauponi kwa gundi.