Wakfu wa Wellcome na utafiti wa Kilifi: tathmini ya jirani anayesoma

Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari katika Pwani ya Kenya, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mtumiaji wa kazi za Wakfu wa Wellcome kwa njia mbili: nasoma matokeo ya utafiti unaogharimiwa na wakfu huo, na naishi katika kaunti ambako sehemu yake hufanyika. Tathmini hii ni kwa mtumiaji mwenzangu, awe mwalimu, mwuguzi au mzazi, anayelisikia jina hilo kila mara bila kujua hasa wakfu huo unaleta nini katika afya na elimu.

Asili ya fedha ina maana kubwa hapa. Henry Wellcome, mzaliwa wa Wisconsin nchini Marekani, alianzisha kampuni ya dawa mjini London mwaka 1880 pamoja na Silas Burroughs, na alipofariki mwaka 1936 wosia wake ukaikabidhi mali ya kampuni hiyo kwa wakfu wa utafiti. Baadaye wakfu uliuza hisa zake kwa awamu, na mwaka 1995 kampuni ikaunganishwa na Glaxo, kampuni nyingine ya dawa. Leo wakfu unaishi kwa faida ya vitega uchumi vyake. Hauuzi dawa wala haupitishi bakuli kwa wafadhili kila mwaka wa fedha unapofungwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa yake kuu, kwa sababu asiyeombaomba anaweza kungoja jibu hata likichukua miaka ishirini.

Mahali pa kuipima sifa hiyo ni Kilifi. Mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ilianza kushirikiana na Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford katika programu ya utafiti iliyojengwa kando ya hospitali ya serikali, chini ya uongozi wa daktari Kevin Marsh. Tangu mwaka 2000 programu hiyo imekuwa na daftari la wakazi wa eneo la takriban kilomita za mraba 900 kuizunguka hospitali, lenye watu wanaokaribia laki tatu, na wahesabuji huzirudia nyumba moja baada ya nyingine kuandika nani kazaliwa, nani kahama na nani kafariki. Kazi hiyo haina mvuto wowote wa kupigiwa picha. Hata hivyo, mtoto wa eneo hilo anapolazwa wadini hujulikana ametoka boma lipi, na ugonjwa unapopungua unaweza kupimwa dhidi ya idadi halisi ya watu, si kwa kukisia.

Matunda ya daftari la namna hiyo yanaonekana wazi kwenye chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya bakteria wa nimokokasi, wanaosababisha kichomi na homa ya uti wa mgongo, mnamo Januari 2011, na watafiti wa Kilifi wakaonyesha kwamba maradhi makali yatokanayo na aina za bakteria zilizomo katika chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kabla ya hapo, kati ya 1993 na 1995, vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa hapa hapa, navyo vikapunguza vifo vya watoto kwa takriban theluthi moja na kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Msomaji anayelala ndani ya chandarua cha bure cha serikali usiku wa leo anatumia, bila kujua, matokeo ya majaribio machache ya Kiafrika ya aina hiyo.

Utafiti ninaouthamini kuliko yote, hata hivyo, ni ule uliowaumbua madaktari wenyewe. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba viliagiza kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wa damu umedhoofika, mikono na miguu ikawa baridi, atiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Jaribio lililoitwa FEAST, likiongozwa na daktari Kathryn Maitland aliyekuwa na makao yake Kilifi, liliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania katika makundi matatu makuu. Katika saa 48 za mwanzo walifariki asilimia 10.6 ya watoto waliopewa maji yenye albumini, protini ya damu, kwa haraka, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 tu ya wale ambao hawakumiminiwa maji hayo. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kukamilisha idadi iliyokusudiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Tiba iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa inaua.

Hapa haki inanilazimu kusema jambo ambalo wasifiaji wengi huliruka: fedha za jaribio la FEAST zilitoka katika Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na tathmini ya chanjo ya nimokokasi nayo ilikuwa na mfadhili wake mwingine. Mchango wa Wellcome katika kazi nyingi za Kilifi ni wa mwenye nyumba aliyejenga jiko, akaweka meko na kuwasomesha wapishi, huku unga ukiletwa na wengine. Anayetaka kumpa wakfu sifa ya kila chakula kilichopikwa humo anakosea, na anayesema kwamba jiko si kitu hajawahi kupika. Lililo la Wellcome moja kwa moja ni makubwa pia, ikiwemo taasisi ya Sanger nchini Uingereza, ambako takriban theluthi moja ya jenomu ya binadamu, yaani maandishi yote ya urithi wake, ilisomwa, lakini hilo haliligusi darasa langu kwa karibu.

Kwa upande wa elimu, mchango una sura mbili, na ya kwanza haisemwi sana. Watafiti wa Kilifi walikuwa miongoni mwa waliofuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, wale walioletwa hospitalini wakiwa na degedege na kupoteza fahamu, na tafiti za namna hiyo zimeonyesha kwamba takriban mmoja katika kila wanne hubaki na athari za muda mrefu katika kumbukumbu, lugha au uwezo wa kumakinika. Mwalimu anayemwita mtoto mzito wa kuelewa angefaa kusoma kazi hizo kabla ya kuandika ripoti ya mwisho wa muhula. Kwa kuwa vipimo vya Ulaya havikuwafaa watoto wa hapa, watafiti walitengeneza kipimo chao, kilichochapishwa mwaka 2008 kwa jina la Kilifi, cha kutazama namna mtoto wa miezi 6 hadi 35 anavyotembea na anavyotumia mikono na macho kwa pamoja. Sura ya pili ni ya shuleni hasa: programu huwapokea wanafunzi wa sekondari katika maabara zake, huwapeleka wanasayansi madarasani, na huwachukua baadhi ya vijana waliomaliza kidato cha nne kwa mafunzo ya muda.

Ziara hizo zina faida ambayo mgeni hataiona upesi. Pwani tuna neno mumiani, mnyonya damu wa kuogopwa, na watu wanaotoa damu kwa sindano na kuondoka nayo kwa gari jeupe wamelibeba jina hilo kwa vizazi. Watafiti wa Kilifi wenyewe wameandika juu ya hofu hiyo badala ya kuidharau, na wana wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji wa kuzungumza nao. Mililita tano za damu katika fomu ya ridhaa hazimwambii bibi wa Ganze chochote. Kijiko kimoja cha chai kinamwambia.

Kasoro zipo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 wakfu umewataka watafiti unaowagharimia waweke makala zao wazi bila malipo, na kwa hilo mimi ni mnufaika wa kila wiki, kwani nazisoma kwenye simu bila kutoa hata shilingi. Lakini makala zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na mzazi ambaye mwanawe alitoa kile kijiko cha damu amefunguliwa mlango asioweza kuuingia. Wakfu wenye utajiri huu ungeweza kugharimia muhtasari wa Kiswahili kwa kila makala iliyotokana na damu ya Waswahili na Wamijikenda. Pia mwaka 2022, baada ya tathmini huru, wakfu wenyewe ulikiri kwamba bado ulikuwa na ubaguzi wa rangi katika mfumo wake. Naheshimu kukiri huko, ila alama yake naiacha wazi.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza, ningependekeza aanze na FEAST. Mimi huandika ubaoni namba tatu, vifo 111 katika watoto 1,050, vifo 110 katika 1,047, na vifo 76 katika 1,044, kisha nawaachia kidato cha nne wapige hesabu. Safari moja msichana wa dawati la nyuma alimaliza mapema akauliza, «Mwalimu, mama anasomaje fomu mtoto wake akiwa anazimia?» Nikamweleza kwamba katika hali ya dharura mzazi aliombwa kwanza kukubali kwa mdomo, na ridhaa kamili ya maandishi ikafuata mtoto alipotulia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza habari za wale ambao watoto wao hawakutulia, na kipindi chote kilichobaki tulikitumia kwa swali hilo.