Boksi la General Belgrano: meli moja, majina matatu, stika mbili!

Haya wanangu, karibuni tena mezani. Koti mnaliona. Mbeya ya Julai haina mchezo, gundi yenyewe inagoma kukauka, na juu ya baridi nina hasira. Hasira ya stika. Subirini, mtaielewa.

Boksi ndilo hili. Limeshuka jana stendi ya Nane Nane, kona moja imebonyea, ila vipande vya ndani vizima. Ni manowari ya plastiki ya kuunganisha, imepunguzwa mara 350. Meli halisi ilikuwa na urefu wa mita 185, kwa hiyo hii ikikamilika ni kama sentimita 53. Imeshakula nusu ya meza ya chakula na mama watoto ameshanionya mara moja. Idadi ya vipande, namba za rangi, mizinga kumi na mitano ya inchi sita, yote hayo yameandikwa ubavuni, simamisha video usome. Mimi leo nipo na huku nyuma ya meli, jina linapobandikwa. Sisi wa milimani tunasema nyuma, wenzetu wa pwani wanaita tezi.

Juu ya boksi wameandika kwamba humu mna meli mbili. Ukitaka unaijenga Phoenix ya Marekani, ukitaka General Belgrano ya Argentina. Sawa, ni chuma kile kile. Phoenix iliingia kazini mwaka 1938. Tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani wanaishambulia Pearl Harbor, kituo cha manowari za Marekani, hii ilikuwa pale pale bandarini, meli kubwa zinawaka pembeni yake, yenyewe ikatoka nzima. Vita vikaisha, ikapumzishwa mwaka 1946, na mwaka 1951 Marekani wakaiuzia Argentina.

Sasa sogea karibu na kamera. Karatasi ya stika hii. Hili jina PHOENIX, hili GENERAL BELGRANO, kila moja limechapwa mara mbili ili ukiharibu la kwanza ubaki na la pili. La tatu liko wapi? Maana Argentina hawakuipa jina la Belgrano siku ile waliyoinunua! Waliiita 17 de Octubre, yaani tarehe 17 Oktoba, kwa heshima ya siku ile ya mwaka 1945 wafanyakazi walipofurika barabarani Buenos Aires kumdai Juan Perón, mwanasiasa kipenzi chao aliyekuwa kizuizini, akaachiwa. Mwaka 1955, Perón akiwa ndiye rais, wanajeshi wakampindua, na meli hii yenye jina la sikukuu yake ikawa upande wa waliompindua. Aisee! Mwaka uliofuata ndipo wakaibandika jina la Jenerali Manuel Belgrano, yule aliyebuni bendera yao. Hicho ndicho kipande kitamu kuliko vyote, na hawa jamaa wa boksi wamekiruka.

Nikasema hainishindi. Angalieni mkono. Wembe, kibano, sahani ya maji ya uvuguvugu, maana ya bomba ya huku yanauma vidole. Herufi moja ni kama punje ya ulezi, usikohoe. Moja naipata kwa I ya PHOENIX. Saba hakuna, ila L ukiipindua kichwa chini... umeona? Saba hiyo. B ziko mbili: moja inabaki B, nyingine naifuta katikati kwa tone la rangi ya kijivu, inakuwa D. G naikata ule mkia, C. O naipasua juu, U. T ndiyo imenitoa jasho: nimechukua I ya pili nikaivisha kofia ya kipande cha L. E na R zipo za kumwaga. Lowesha, hesabu hadi thelathini, telezesha, kandamiza kwa kitambaa... polepole... hapo. 17 DE OCTUBRE. Imepinda kidogo, najua, msiniandikie.

Jamaa yangu mmoja wa Uyole ananunua maboksi ya zile zilizopunguzwa mara 700, bei nusu ya hii. Kwenye zile hii kazi ya herufi sahau kabisa. Hii imenitoka laki mbili na nusu pamoja na usafiri, na asubuhi nilikuwa niwaambie msinunue. Sasa hivi sina uhakika. Plastiki ni safi, mistari ya sitaha imechongwa vizuri, minara ya mizinga inazunguka bila kukwaruza.

Kuna aliyeuliza wiki jana kama nitaijenga ikizama. Hapana. Tarehe 2 Mei 1982, vita vya Argentina na Uingereza vya visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina wanaviita Malvinas, nyambizi ya Waingereza, Conqueror, iliipiga kwa topido mbili. Watu 323 walikufa. Siwezi kuweka kitu hicho kwenye meza tunayolia ugali.

Tangazo la chaneli: video ijayo tunabaki ziwani kwetu, Nyasa. Agosti 1914 Waingereza wa meli ya Gwendolen waliikuta Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani, pale Liuli, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Boksi lake sijalipata dukani, kwa hiyo nitachonga kwa mbao. Wa Kyela mwenye picha za ufukweni anitumie.

Ngoja niwashe tochi ya simu muone jina vizuri. Eh! Saba imeteleza. Imerudi kuwa L.