Nunua mpira, chupa itafuata: vyombo vya kuhifadhia viungo na kahawa kwa sisi wa pwani

Tangu niandike kuhusu kusaga pilau masala nyumbani, malalamiko yanayonifikia ni ya aina moja. Kahawa inanuka karafuu. Bizari nyembamba imepoa, haina harufu wala ladha. Tangawizi ya unga imegeuka jiwe, kijiko kinagonga tu. Na karibu kila mmoja anamalizia kwa maneno yaleyale: "Na chupa nilinunua zile nzuri."

Zile nzuri zipi? Nikiuliza hivyo natumiwa picha: vioo vimepangwa kabatini, vifuniko vya mianzi, stika zenye mwandiko wa mapambo. Basi, hapo sina swali tena.

Leo nataka tupange vyombo hivi kuanzia kinachostahili pesa yako hadi kile cha kupita bila hata kugeuza shingo. Sitagusa ukubwa wala rangi, na habari ya kama chupa inaingia kwenye mashine ya kuoshea vyombo tuwaachie wenye mashine hizo. Ninachokitazama ni kile ambacho muuzaji hakitaji na mnunuzi hakigusi: mpira wa kifuniko.

Sababu ni huku tunakoishi. Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70, na masika ndiyo usiseme. Unga wa kiungo unaunywa huo unyevu, unashikana. Wakati huohuo mafuta yenye harufu yanatoka. Karafuu kavu peke yake hubeba mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, kitu kikali ambacho hakikai mahali kikiona upenyo. Kioo hakipitishi chochote, si unyevu wala harufu, kwa hiyo ubora wa kioo ambao tunasifiwa dukani hauna hoja. Kila kinachoingia na kila kinachotoka kinapita mdomoni, na mdomoni mlinzi ni mpira.

Mpira wenyewe una maradhi yake. Ukibanwa muda mrefu hulala, haurudi unene wake wa mwanzo. Ukianikwa juani hukakamaa na kupasuka. Ukiguswa na mafuta huvimba na kulegea. Wa silikoni ni mstahimilivu zaidi kwa joto, ila una tabia ya kunyonya harufu na kukaa nayo. Hakuna mpira wa kudumu milele, hasa mbele ya karafuu. Ndiyo maana swali langu la kwanza dukani si kama chupa inaziba. Nauliza: mpira huu ukiharibika, mwingine napata wapi?

Jaribio la karatasi

Kabla ya kulipa, toa risiti yoyote mkobani na uikate kipande chembamba. Kiweke juu ya mdomo wa chupa, nusu ndani nusu nje, funga kifuniko, kisha vuta. Karatasi ikichomoka bila ubishi, mpira haujabana hapo. Ikigoma au ikichanika, umebana. Rudia pande nne, na usisahau upande wa bawaba, kwa sababu huko ndiko vyombo vingi vinavyodanganya: mbele panabana sawasawa kwa sababu klipu ipo, nyuma karatasi inatoka kama hakuna kifuniko. Mafundi hutumia ujanja huuhuu kukagua mpira wa mlango wa friji.

Jaribio la maji, lile la kujaza chupa na kuipindua, halinishawishi. Chupa inaweza kuzuia tone la maji na bado ikapitisha harufu. Nyumbani fanya hivi: tia karafuu kwenye chupa mpya, funga, iweke pamoja na kikombe cha sukari ndani ya ndoo safi yenye kifuniko. Kesho yake nusa sukari.

Ya kwanza: Le Parfait

Naipenda waziwazi, na hakuna aliyenilipa. Ni chupa za Kifaransa, kioo kizito, kifuniko cha kioo, waya wa kubania na mpira wa rangi ya chungwa wenye kiulimi cha kuvutia. Chupa za namna hiyo ziko nyingi duniani. Tofauti kwangu ni kwamba mipira yake huuzwa peke yake, kwa saizi zinazojulikana: milimita 70, 85 na 100. Ukijua chupa yako ni ya 85, umemaliza. Mpira ukichoka au ukilewa karafuu unautupa, unavalisha mwingine, na chupa inaendelea kuwa chupa.

Kwa kahawa ina faida ya pili. Kahawa iliyokaangwa karibuni hutoa gesi ya kaboni dioksidi kwa siku kadhaa. Kwenye chupa ya waya, gesi ikijaa hujisukumia njia kwenye mpira na kutoka kidogokidogo, na hewa ya nje hairudi kirahisi. Mwenye kukaanga buni nyumbani ataona faida hiyo mapema.

Mpira mpya una harufu yake ya mpira. Uoshe kwa maji ya moto na sabuni kidogo, uache ukauke kivulini. Kivulini, narudia. Na usiupake mafuta ya kupikia ili "ulainike", unauua.

Kuzipata ndiyo shughuli. Mwenye ndugu Ufaransa amwagize, na amwambie alete mipira ya akiba kwenye begi, kwani haina uzito.

Fido za Bormioli Rocco, za Italia, nazihesabu nafasi hiyohiyo, nusu hatua nyuma. Waya wake unabana vizuri sana.

Ya pili: Kilner ya klipu

Hizi ndizo zinazoonekana zaidi kwenye maduka makubwa ya vyombo huku kwetu. Jina ni la zamani, lilianzia Yorkshire, Uingereza, miaka ya 1840. Kampuni ya ukoo wa Kilner ilifilisika 1937 na jina likaendelea mikononi mwa wengine. Kwa hiyo anayekuuzia "Kilner ya asili ya tangu enzi za bibi" anakuuzia hadithi. Lakini chupa ya leo ni nzuri, na mipira yake nayo huuzwa peke yake.

Kuna zenye tumbo la mraba. Mtu aliniuliza kama mraba hauvujishi. Umbo la tumbo halinisumbui, umbo la mdomo ndilo, na mdomo wa hizi ni wa duara. Wavuta kiko wa Ulaya na Marekani wanalijua somo hili kuliko sisi wapishi. Wao huweka tumbaku kwa miaka ili ikomae, na malalamiko yao makubwa ni makopo ya mstatili: pembeni bati halibani sawasawa, hewa inaingia, na anayefungua kopo aliloliweka akiba anakuta tumbaku kavu. Kopo la duara hushika vizuri zaidi kwa sababu mgandamizo unagawanyika sawa pande zote. Wengi wao hawaliamini hata hilo wakishafungua, wanahamishia tumbaku kwenye chupa za mtindo wa Mason, zile ambazo leo huwa na kifuniko cha vipande viwili; jina ni la John Landis Mason, aliyepata hataza Marekani mwaka 1858 ya chupa yenye mdomo wa kuzungushia kifuniko. Ukizikuta huku kwa bei ya kueleweka, chukua. Mimi nimezikuta kwa bei ya kuchekesha tu.

Ya tatu: vyombo vya klipu nne

Nazungumzia Lock & Lock ya Wakorea na jamaa zake, ila chukua chenye mwili wa kioo. Kwa sukari, unga na biskuti sina neno, tena nitakitetea mbele ya mtu yeyote. Kwa viungo kuna mawili. Mpira ni wa silikoni, kwa hiyo chombo kikishawekwa bizari ni cha bizari mpaka mwisho wake; ukitia majani ya chai utakunywa chai ya bizari. La pili ni zile pembe. Fanya jaribio la karatasi pembeni kabisa, si katikati chini ya klipu.

Kizuri ni kwamba mpira wake unachomolewa. Uchomoe. Pitisha ncha ya kijiti ndani ya mfereji uone kinachotoka: tope la manjano na unga uliogandana. Ukishauona uchafu huo hutaacha tena kuusafisha.

Ya nne, na ni bure: chupa ya jamu

Chupa ya jamu au ya siagi ya karanga, yenye kifuniko cha bati cha kuzungusha, inaishinda nusu ya vitu vinavyouzwa kwa mbwembwe. Ule ukanda laini uliogandishwa ndani ya kifuniko umetengenezwa kuziba chakula kwa miezi na miezi. Mashaka ni mawili: ukiwa ulikuwa na achari, harufu ya achari haiondoki, na chumvi ya hewa yetu hula ukingo wa bati. Kutu ikianza, tupa kifuniko. Kwa gilgilani na bizari nzima, mimi hutumia hizi bila aibu.

Za kupita

Makopo ya maziwa ya unga: kilichokuwa kinaziba ni ile karatasi ya bati uliyoibandua siku ya kwanza, kifuniko cha plastiki kinazuia sisimizi tu, tena wavivu. Vikopo vya plastiki vya bei rahisi: kwa chumvi, sawa. Ila ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo isikutane na karafuu. Mafuta yake huila. Kwanza ukuta wa ndani unafifia, unafanya ukungu usiotoka hata ukisugua kwa chumvi na ndimu. Baadaye unaona mistari myembamba shingoni, na siku moja unafunga kifuniko shingo inabaki mkononi.

Na sasa mianzi. Mianzi ni kama mbao: kwenye unyevu huvimba, ikikauka hunywea. Umeigeuza kizibo, kazi yake iwe kuziba, kwenye nchi ambayo Aprili hata milango ya mbao inagoma kufunga! Kapete kembamba ka silikoni kamezungushwa pale chini kama urembo. Karatasi inatoka hata hujavuta. Lakini ndizo zinazouzwa kwa seti ya kumi na mbili, pamoja na stika, kwa bei inayokaribia chupa mbili tatu za maana.

Hapa ndipo wauzaji wanaponichosha. Kwanza, seti. Nataka chupa mbili za kahawa, nauziwa sita au niondoke. Pili, boksi limefungwa kwa selotepu na karatasi imebandikwa: ukifungua umenunua. Nimekagua mpira vipi? Nilipomwomba kijana mmoja Kariakoo anifungulie moja tu, alinijibu kwa utulivu wote, "Dada, mpira wa hiyo hauharibiki, ni original." Nikamuuliza ukiharibika je. "Unanunua nyingine."

Yaani mpira wa presha kuka unaning'inia kwa kila fundi wa mtaani, saizi zote, unaletewa hata ile ya zamani ambayo kiwanda chake labda kilishafungwa. Mpira wa blenda upo. Wa jiko la gesi upo. Wa chupa iliyonigharimu mara kumi ya vyote hivyo haupo, na muuzaji ananishangaa kana kwamba nimeomba kitasa cha mlango wa ndege. Wapo wanaokata duara kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Tafadhali msifanye hivyo kwenye chakula. Ile si mpira wa chakula, na harufu yake haitoki hata kwa dua.

Ukiwa na bajeti ya chupa moja tu ya maana mwaka huu, weka karafuu humo. Nyingine zote zitapumua, kwa sababu mara nyingi ile harufu iliyoenea kabatini ni yake. Ukiwa na mbili, ya pili ni ya kahawa. Mdalasini na kungumanga zikiwa nzima zinaweza kusubiri kwenye chupa ya jamu, na pilipili manga vilevile.

Na kama wewe ni mwenye duka, popote kuanzia Lamu hadi Mtwara, na unauza mipira ya milimita 85 mmojammoja, bila seti, bila boksi la selotepu, niandikie. Nitakutangaza bure, na foleni nitaianza mimi.