Waliniuliza mbwa ni wa nani

Jambo hili limenikaa rohoni tangu kiangazi, acha niliseme. Kuna kikundi cha watu wanaojitolea hapa Dodoma, wanafunga kizazi mbwa na paka wa mitaani. Jina lao silitaji. Walikuja kwetu Nkuhungu, wakapanga meza nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. Kabla ya hapo alipita kijana na spika kwenye bodaboda: leteni mbwa wa mtaani, leteni paka, ni bure.

Mbwa wa mtaani. Walisema wenyewe.

Mimi nauza supu ya makongoro. Palipo na mifupa mbwa hawakosi, na kwangu kuna jike mmoja ambaye wanangu walimwita Vumbi kwa rangi yake. Mimba ya mbwa ni miezi miwili tu, na kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili. Vumbi amezalia nyuma ya banda langu la mkaa mpaka nimeacha kuhesabu. Vitoto vingine vinakanyagwa na bajaji, vingine watu wanavitia kwenye salfeti wakavitupe korongoni. Mara ya mwisho nilimkuta alfajiri anafukua pale nilipokizika kimoja. Kwa hiyo tangazo lile niliposikia nililia, sioni aibu kusema.

Walituambia mnyama asile tangu usiku, maana akipigwa nusu kaputi ana chakula tumboni anaweza kutapika akapaliwa. Nikamfunga kamba. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa maisha yake! Alilia usiku kucha, na mimi sikulala. Kukipambazuka nikamkokota, pengine nikambeba, nikafika wa tatu kwenye foleni.

Mezani kulikuwa na binti, umri wa kitinda mimba wangu. Shikamoo hakunipa. Macho kwenye daftari: "Mbwa wa nani?"

Nikamwambia wa mtaa, anakula kwangu.

"Mwenyewe nani?"

"Hana mwenyewe, mwanangu, ndiyo maana nimemleta."

"Basi kaa kule. Tunaanza na wenye mbwa wao."

Kule ni ukutani, hakuna hata kivuli, na upepo wa Dodoma mnaujua, unakujaza mchanga mpaka kwenye meno. Nilimkuta pale mtoto wa shule na paka wake kwenye boksi, ameambiwa amlete mzazi aje asaini. Mama yake yuko sokoni Sabasaba tangu asubuhi, atamtoa wapi? Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Likaja gari, akashushwa mbwa wa kizungu mwenye mkanda wa ngozi, akaingizwa moja kwa moja. Hapo nikainuka.

"Wewe mama, mbona huelewi? Saini kwamba ni wako basi."

Nisaini? Kesho akimng'ata mtu waje kunigongea mimi? Nilimpandishia sauti mbele ya watu wote, na sijutii. Kama mnataka mbwa wenye wenyewe, mngetangaza hivyo kwenye spika, watu tukalala usingizi wetu.

Nimeshageuka niondoke, daktari wa mifugo akatoka nje kunawa mikono. Kijana, macho mekundu kwa uchovu. Akaanza na salamu ya Kigogo: "Mbukwa mama, shikamoo." Akachuchumaa, Vumbi akamnusa. Aliniuliza swali moja tu, amekula lini. Jana jioni. Akambeba mwenyewe kwenda ndani.

Na kazi yake, jamani, siwezi kuisema vibaya. Mshono mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, haukutoa usaha hata tone. Alama sikioni ili asije akakamatwa tena bure, na chanjo ya kichaa cha mbwa juu yake. Vumbi akiwa bado amelala kwenye kanga yangu, daktari akanieleza kwamba mkiwaua mbwa wa mtaa chakula kinabaki palepale, watahamia wengine ambao hawajachanjwa. Bora hawa wabaki, wasizae, wachanjwe. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wote, ugonjwa unakosa pa kupita. Nikawakumbuka jirani zangu waliotega sumu kwenye nyama, nikatamani wamsikie.

Nilikusudia kuwaambia msiende. Sasa siwezi. Nendeni, Vumbi amenenepa, analala mlangoni kwangu kwa amani.

Lakini hiyo 70 mtaipataje, kama wasio na wenyewe wanawekwa ukutani? Yule mtoto hakumsubiri daktari atoke. Alichoka, akabeba boksi lake akaenda zake, na hakuna aliyemwita. Mimi pia sikumwita, nilikuwa nagombana. Juzi nimepita kwao. Paka amezaa wanne, wako kwenye boksi lile lile.